Bendi ya rock ipimwe jukwaani: albamu za laivu ninazozisimamia

Nyuzi Sita (Dar es Salaam), mwanzisha uzi

Wakuu, heshima zenu.

Kila orodha ya albamu bora za rock inayopita humu imejaa kazi za studio. Zile zilizorekodiwa ukumbini, watu wakiwepo, zinasukumwa mwishoni kama nyongeza ya mashabiki sugu. Mimi nazipandisha juu kabisa. Studio inanionyesha bendi ilivyotaka isikike. Jukwaa linanionyesha kama hao watu wanne au watano wanasikilizana. Rock ni muziki wa watu wachache wenye vyombo vya sauti kubwa. Wasiposikilizana inabaki kelele, hata kama kila mmoja ni fundi wa chombo chake.

Labda ni malezi. Sisi tuliokuzwa na dansi tulizoea nyimbo zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam bendi nzima ikipiga kwa pamoja, magitaa yakipishana, tarumbeta zikisubiri zamu yao. Halafu ukienda ukumbini unaukuta wimbo uleule umerefuka, chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezeka, limepata mambo ambayo redioni hayakuwemo. Nilipoanza kusikiliza rock nilikuwa natafuta kitu hichohicho, na nilikipata kwanza kwa Deep Purple, bendi ya Uingereza.

Albamu yao ya laivu, Made in Japan, ilirekodiwa Agosti 1972: Osaka tarehe 15 na 16, kisha ukumbi wa Budokan, Tokyo, tarehe 17. Waliokuwa na hamu ya albamu hiyo ni wenye kampuni ya santuri ya Japani. Bendi yenyewe haikuwa na shauku, ikakubali kwa sharti la kuja na fundi mitambo wao, Martin Birch, na hakuna kilichopigwa upya studio baadaye. Ikatoka Uingereza Desemba mwaka huohuo, nyimbo saba kwenye santuri mbili.

Sasa iweke kando ya Machine Head, albamu yao ya studio iliyotoka Machi 1972. Hiyo nayo ni kazi kubwa, na namna ilivyopatikana ni maajabu. Walifika Montreux, Uswisi, Desemba 1971 wakitaka kurekodi ndani ya ukumbi wa kasino. Tarehe 4, wakati wa onyesho la Frank Zappa, mtu kwenye hadhira akafyatua fataki ya ishara, jengo likaungua lote. Wakahamia ukumbi mwingine, polisi wakawazuia kwa sababu ya kelele. Wakaishia kwenye korido za Grand Hotel iliyokuwa imefungwa kwa majira ya baridi, gari la kurekodia la Rolling Stones likiwa nje na nyaya zikipita ndani. Mkasa huo ndio uliouzaa wimbo wa Smoke on the Water, unaosimulia moto huohuo.

Pamoja na yote hayo, naichagua Japani. Space Truckin' kwenye Machine Head ni dakika nne na nusu za wimbo mzuri uliofungwa vizuri. Kwenye Made in Japan unakaribia dakika ishirini. Jon Lord anapitisha kinanda chake cha Hammond kwenye amplifaya za gitaa mpaka kinanguruma, mpiga gitaa Ritchie Blackmore anamwachia nafasi, kisha anaingia taratibu bila kumkanyaga. Kwenye Strange Kind of Woman gitaa linauliza, Ian Gillan anajibu kwa koo, gitaa linapanda, naye anapanda nalo hadi anaishia kwenye ukelele mrefu ambao gitaa haliwezi tena kuufuata. Na chini ya yote hayo kuna Ian Paice kwenye ngoma. Msikilize kwenye Child in Time anavyopunguza mkono wenzake wanapotaka utulivu, na anavyojua sekunde ya kurudi. Hakuna aliyempa ishara kwa sauti. Anasikiliza.

Ya pili ni Live at Leeds ya The Who. Tarehe 14 Februari 1970, bwalo la chakula la Chuo Kikuu cha Leeds. Mwaka uliotangulia walikuwa wametoa Tommy, hadithi ndefu ya santuri mbili, wakazunguka nayo Marekani huku wakijirekodi. Mpiga gitaa wao, Pete Townshend, alirudi na shehena ya kanda ambayo hakuwa na subira ya kuisikiliza, akaagiza zichomwe moto. Ndipo zikapangwa shoo mbili mahususi kwa kurekodi, Leeds na kesho yake Hull. Santuri iliyotoka Mei ilikuwa na nyimbo sita tu, ndani ya jalada la karatasi ya kahawia lililogongwa muhuri, likiigiza zile santuri za magendo zilizokuwa zikiuzwa kwa kificho miaka ile. Kwenye lebo waliandika kwamba mikwaruzo inayosikika ni sawa, isirekebishwe.

Watatu wanapiga, Roger Daltrey anaimba. Gitaa moja. Hakuna kinanda, hakuna gitaa la pili la kujaza mapengo. John Entwistle anapiga besi kana kwamba ni gitaa la solo, na Keith Moon kwenye ngoma hatulii kwenye mdundo mmoja. Muziki wa namna hiyo ungepaswa kuporomoka. Kinachoushikilia ni Townshend, ambaye watu wengi wanamjua kwa kuvunja magitaa, lakini humo ndiye mtunza wakati wa bendi. Anakata kodi nzito (nota kadhaa kwa pigo moja la gitaa), anaacha kimya, Moon anazunguka ndani ya kile kimya, kisha wote wanatua pamoja. My Generation, uliokuwa wimbo wa dakika tatu mwaka 1965, hapa unakaribia robo saa na unapita hadi kwenye vipande vya Tommy. Naamini hakuna rekodi ya rock inayouthamini ukimya kuliko hiyo, ingawa inasifika kwa kelele.

Si kila laivu naipokea. The Song Remains the Same ya Led Zeppelin, iliyorekodiwa Madison Square Garden mwaka 1973 na kutoka 1976, naiona imechoka. Bendi inajirudia na nyimbo ndefu zinavuta miguu. Wakati mashabiki walikuwa na kiu, kanda za California za Juni 1972 zilikuwa zimelala, hadi mwaka 2003 zilipotoka kama How the West Was Won. Watu walewale, tofauti ya mwaka mmoja, na ni mbingu na ardhi.

Tiririkeni wadau. Leteni za kwenu na mseme mnasikia nini ndani yake.

---

Fundi Mitambo (Arusha)

Mkuu, uzi mzuri, lakini lazima tuseme jambo ambalo watu wa kazi yangu wanalijua. Albamu nyingi zilizoandikwa "live" zimepita studio kabla ya kukufikia. Alive! ya Kiss, ya mwaka 1975, iliyowatoa kwenye madeni na kuwafanya majina makubwa, ilifanyiwa marekebisho mengi baada ya shoo, na Eddie Kramer aliyeitayarisha amelieleza hilo. Live and Dangerous ya Thin Lizzy, 1978, Tony Visconti amedai sehemu kubwa sana ilipigwa upya studio, na wanabendi wakambishia. Ubishi huo haujaisha mpaka leo.

Kuna na aina nyingine. Under a Blood Red Sky ya U2, 1983: kila mtu akiisikia anaona mvua na mienge ya ukumbi wa wazi wa Red Rocks, Colorado, kwa sababu video ya shoo ile ndiyo iliyozunguka duniani. Kwenye santuri yenyewe, nyimbo mbili tu ndizo za Red Rocks. Nyingi ni za Loreley, Ujerumani, na mmoja wa Boston.

Nieleze kidogo namna unavyoweza kutambua. Jukwaani kila maiki inashika zaidi ya kile ilichowekewa. Maiki ya mwimbaji inabeba sahani za ngoma zilizo nyuma yake. Maiki ya ngoma inabeba besi. Sisi tunapambana na hali hiyo kila wikiendi, lakini ndiyo inayokupa hisia ya chumba kimoja. Mwimbaji akirudi studio kuimba upya, sauti yake inakuja safi, haina sahani nyuma yake, na ile hewa inayomzunguka inabadilika. Weka spika nzuri, sikiliza pale mwimbaji anapovuta pumzi kati ya mistari. Kama ukumbi unatoweka akinyamaza na kurudi akiimba, au kinyume chake, kuna kazi imefanyika. Na kelele za watu zikipanda ghafla bila sababu yoyote jukwaani, hapo mkono wa fundi umepita.

Kwa hiyo swali langu: kama kigezo chako ni kusikilizana, utaihukumuje Live and Dangerous?

---

Nyuzi Sita

Fundi, asante kwa somo la maiki, nimelihifadhi.

Nitaihukumu kwa kile kisichoweza kutengenezwa baadaye. Unaweza kurudia sauti ya mwimbaji au solo iliyoteleza. Mwendo wa bendi nzima, pale ngoma na besi zinapokaza kidogo kuelekea kiitikio kwa sababu watu ukumbini wamepandisha mori, huwezi kuuongeza kwenye meza ya kuchanganyia sauti mwaka uliofuata. Ukisikiliza Still in Love with You kwenye albamu hiyo, Phil Lynott anauimba taratibu mno, nyuma kidogo ya mdundo, na Brian Downey kwenye ngoma hamsukumi. Uhusiano huo kati ya mwimbaji anayepiga besi na mpiga ngoma wake ndio unaonifunga. Naiweka chini ya Leeds na Japani, maana hizo hazihitaji utetezi wangu, ila siitupi.

Kiss sina la kusema. Ni onyesho la kutazama zaidi kuliko la kusikiliza.

---

Mwana Shangani (Unguja)

Assalaam alaykum jamaa. Nimesoma mpaka hapa nikawa nangoja nani atamtaja mtoto wa Mji Mkongwe. Hayuko? Basi namtaja mimi.

Farrokh Bulsara kazaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akarudi, na mwaka 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury. Bendi yake, Queen, hawakupata kupiga Zanzibar, na hilo linatuuma sisi tunaoupenda muziki wake. Leo kuna makumbusho yake pale mtaa wa Kenyatta, wageni wanapanga foleni, lakini vijana wetu wengi hawajawahi kukaa chini wakasikiliza hata albamu moja ya Queen mwanzo hadi mwisho. Nalisema kwa uchungu.

Sasa nikuulize bwana Nyuzi Sita, kwa kigezo chako. A Night at the Opera ya mwaka 1975 ni kazi ya studio kutoka unywele hadi ukucha. Sehemu ya opera ya Bohemian Rhapsody ni sauti za watu watatu zilizorekodiwa juu ya sauti, juu ya sauti, wiki kadhaa za kazi. Watu wanne hawawezi kuifanya jukwaani. Walifanyaje? Walizima taa, wakaondoka jukwaani, kanda ikapigwa, kisha wakarudi kwa kishindo pale gitaa la Brian May linapoingia. Hawakudanganya kwa kufumbua midomo tu. Kwangu hiyo ni adabu kwa msikilizaji.

Na kwenye tamasha la hisani la Live Aid, uwanja wa Wembley, London, 13 Julai 1985, waliingia na mpango uliopimwa. Walipewa kama dakika ishirini, wakafanya mazoezi ya dakika hizohizo ukumbi wa Shaw Theatre, London. Bohemian Rhapsody wakapiga mwanzo wake tu kwa piano, wakaukata kabla ya opera, wakaingia Radio Ga Ga, na uwanja mzima wa watu kama elfu sabini ukapiga makofi kwa mpigo mmoja. Halafu Freddie akasimama peke yake akawachezesha watu kwa sauti tupu, yeye anatoa, wao wanarudisha, kila mara anaongeza ugumu. Ukizungumza kusikilizana, pale mtu mmoja anausikiliza uwanja. Anapima wanaweza kufika wapi ndipo anawapeleka hapo.

Ukitaka zaidi, tafuta Love of My Life ya kwenye Live Killers, 1979. Ya studio ina kinubi na piano, nzuri. Ya jukwaani ni gitaa moja la nyuzi kumi na mbili, Freddie, na watu. Anawaachia mistari mizima waimbe wao.

---

Nyuzi Sita

Sheikh, umenena, na nashukuru kwa kumleta nyumbani. Hilo la kuukata wimbo kabla ya opera ndilo ningependa kila bendi ijifunze. Ilikuwa nafasi yao mbele ya mamilioni ya watazamaji wa televisheni, wakakubali kuuacha wimbo wao mkubwa kuliko yote nusu, kwa sababu nusu ile ndiyo waliyoweza kuitoa kwa mikono yao jioni ile, bila kanda.

Nyongeza moja tu: Live Killers wenyewe Queen hawakuifurahia ilivyochanganywa. Mimi ukavu wake naupenda. Unasikia May anavyohangaika kujaza nafasi ambayo studio angeweka magitaa sita.

---

Mjukuu wa Santuri (Nairobi)

Ndugu zangu, hapa lazima nipinge. Mkifuata kigezo hiki mtaitupa nusu ya historia ya rock. Revolver ya Beatles ilitoka tarehe 5 Agosti 1966. Siku chache baadaye wakaanza ziara ya mwisho ya Marekani, na hawakupiga hata wimbo mmoja wa albamu hiyo. Tarehe 29 Agosti wakapiga Candlestick Park, San Francisco, wakaachana na ziara kabisa. Baada ya hapo ndipo wakatoa Sgt. Pepper's na Abbey Road. Yaani bendi iliyobadilisha muziki wote huu ilikua pale ilipoondoka jukwaani. Utasema hawakusikilizana?

Pili, The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd. Saa za ukutani, mashine za fedha, mapigo ya moyo, sauti za watu wanaozungumza. Hiyo ni albamu ya meza ya studio za Abbey Road, na ndiyo albamu ninayoipenda kuliko zote nilizo nazo. Nyumbani kwetu santuri yake ilikuwa inafutwa kwa kitambaa maalumu na hatukuruhusiwa kuigusa tukiwa watoto.

Tatu, kwa upande wetu huku, msisahau kwamba studio ndiyo iliyotuhifadhia rock ya Afrika. Rock ya Zambia ya miaka ya sabini, WITCH, Amanaz, Musi-O-Tunya, leo tunaisikia kwa sababu mtu aliwaingiza studio. Musi-O-Tunya walikuja kurekodi Wings of Africa hapahapa Nairobi. Shoo zao nyingi zimeondoka na upepo.

---

Nyuzi Sita

Mjukuu, umeleta mifano mizito, nitaijibu mmoja mmoja.

Beatles kwanza. Waliondoka jukwaani kwa sababu jukwaa la wakati ule halikuwaruhusu kusikilizana. Shea Stadium, New York, 15 Agosti 1965: watu 55,600, na bendi ina amplifaya za wati 100 za Vox, kubwa kwa wakati huo lakini si kitu mbele ya uwanja, sauti zao zikitokea kwenye spika za uwanja za kutangazia michezo. Hawakuwa na spika za kuwarudishia sauti yao jukwaani. Ringo, mpiga ngoma wao, ameeleza jinsi alivyokuwa akitazama miili ya wenzake ilivyotikisika ili ajue wako wapi kwenye wimbo. Shoo ilikuwa kama nusu saa. Walikwenda Abbey Road kutafuta chumba ambamo wangeweza kusikiana tena, na kwangu Revolver ni ushahidi wa hilo. Na mwaka 1969, tarehe 30 Januari, walipopanda juu ya paa la ofisi yao London, bila mayowe ya uwanja, walipiga kama watu ambao hawajawahi kuacha.

Pink Floyd ndiyo inayonifurahisha zaidi, maana albamu hiyo unayoiita ya meza ilizaliwa jukwaani. Walianza kuipiga yote mbele ya watu Januari 1972 pale Brighton, wakakwama katikati mitambo ilipogoma, na Februari wakaipiga nzima Rainbow Theatre, London, siku kadhaa mfululizo, waandishi wa habari wakiwa wameketi. Santuri ilitoka Machi 1973. Zaidi ya mwaka mzima waliizungusha Ulaya, Marekani na Japani huku wakiibadilisha. Humo, On the Run ilikuwa mapigano ya gitaa na kinanda kabla ya kuwa ile mashine tunayoijua. The Great Gig in the Sky haikuwa na ile sauti ya mwimbaji Clare Torry. Ilikuwa kinanda na usomaji wa Biblia. Walikata kilichochosha watu na kubakiza kilichowashika. Studio iliipa nguo nzuri, lakini mwili wake ulikuwa umekwisha kukomaa.

La tatu nakubaliana nawe kwa moyo wote. Natamani ningeisikia Sunburst ukumbini. Ile bendi ya Dar iliyochanganya rock, fanki na ngoma za kwetu, albamu yao Ave Africa ya 1976 ilirekodiwa Zambia, na mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ikairudisha sokoni. Ukiisikiliza unahisi wapigaji wanabanwa na urefu wa santuri. Kila wimbo unapofika pale ambapo ukumbini ungeanza kuchemka, sauti inafifishwa. Inaniumiza kwamba vijana wa hapa Dar wanaopiga gitaa leo wanaijua rock ya Seattle, Marekani, lakini hawaijui Sunburst.

---

Dada Besi (Mombasa, naishi Ujerumani)

Hamjambo. Mimi napiga besi na nimeshahudhuria shoo nyingi huku, kubwa na ndogo, kwa hiyo nitasema la msikilizaji aliyesimama pale.

Wanaopanga kwenda kusikia bendi waipendayo kwenye uwanja mkubwa, jueni mnachokinunua. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Ukisimama mita mia moja kutoka jukwaani, unaona mkono wa mpiga ngoma ukishuka, na mlio unakufikia karibu theluthi moja ya sekunde baadaye. Ndiyo maana wanaweka minara ya spika katikati ya uwanja na kuichelewesha kwa makusudi ilingane na ile ya mbele. Inasaidia masikio, lakini besi bado inazungukazunguka kwenye kuta na kurudi imepondeka. Viwanjani sijawahi kuisikia besi ipasavyo. Kwenye kumbi za watu mia tano, elfu moja, ndiyo. Simama karibu na meza ya fundi mitambo, maana yeye anachanganya kwa anachokisikia pale alipo. Na vaeni vizibo vya masikio. Vizuri haviui muziki, vinapunguza tu, na masikio yakiharibika hayarudi.

Albamu yangu ni At Fillmore East ya Allman Brothers Band, iliyorekodiwa New York Machi 1971 na mtayarishaji Tom Dowd. Usiku wa kwanza bendi ilileta wapulizaji, Dowd akasikia hawako kwenye sauti na akataka waondolewe, bahati nzuri alisikilizwa. Whipping Post ya studio, 1969, ni dakika tano na ushee. Ya Fillmore ni dakika ishirini na tatu, na inaanza na besi ya Berry Oakley peke yake. Wapiga ngoma wawili, magitaa mawili, na hakuna anayejaza nafasi ya mwenzake. Kuna mahali katikati muziki unakaribia kusimama kabisa, na mtu mmoja kwenye hadhira anapaza sauti, na bado hawana haraka. Santuri ilitoka Julai. Oktoba 29 Duane Allman akafa kwa ajali ya pikipiki, ana miaka 24. Mwaka uliofuata Oakley naye, pikipiki vilevile. Nikiipiga ile besi ya mwanzo nyumbani, mikono huwa inakuwa mizito.

Nyuzi Sita, nina swali kuhusu The Who wako. Shoo ya Hull ya kesho yake iliwekwa kando kwa sababu besi ya Entwistle haikuingia kwenye kanda kwa nyimbo chache za mwanzo. Ilipotolewa mwaka 2010, mapengo hayo yalizibwa kwa besi ya Leeds. Ikaingia sawasawa! Kama besi ya usiku mmoja inakaa juu ya ngoma za usiku mwingine, je, walikuwa wanasikilizana au walikuwa wanarudia walichokariri?

---

Nyuzi Sita

Dada Besi, hili ndilo swali bora la uzi huu.

Nilizisikiliza zote mbili tena baada ya bandiko lako. Nyimbo zilizozibwa ni zile fupi za mwanzo, zenye mpangilio uliokazwa, zile ambazo walikuwa wamezipiga miaka. Hapo Entwistle ni nguzo, anapita njia yake kwa uhakika, na Moon anajua nguzo iko wapi hata gizani. Mambo yanabadilika kadiri shoo inavyosonga. Chukua My Generation ya Leeds na ya Hull uziweke sambamba kuanzia dakika ya nne: zinatengana. Townshend wa Hull anachagua milango mingine, na besi, ambayo hapo ni ya Hull yenyewe, inageuka naye. Jaribu kuichukua besi ya Leeds uiweke pale na utapata fujo. Wapigaji wazuri wanakariri nyumba yote ili waweze kukimbia ndani yake bila kujigonga.

Na wewe kama mpiga besi, unapoingia jukwaani na wenzako, sikio lako unaliweka kwa nani kwanza?

---

Dada Besi

Mguu wa mpiga ngoma. Siku zote. Ngoma ya chini nikiishika, mengine yote yanaweza kupotea kwa muda na nitarudi. Mwimbaji namsikiliza pale tu anapotaka kubadilisha kitu, na hilo naliona begani mwake kabla sijalisikia. Nimelikubali jibu lako la Hull. Nitazisikiliza sambamba Jumapili.

---

Mgeni Jukwaani (Mwanza)

Wakuu shikamooni. Nimesoma uzi wote. Mimi ni kijana wa Bongo Fleva na singeli, rock najua nyimbo za kwenye filamu tu. Nina simu na visikizio vya kawaida, bando la kubahatisha. Nianze na ipi kati ya hizi? Nikianza na wimbo wa dakika 23 nitakimbia.

---

Nyuzi Sita

Marahaba, karibu sana mdogo wangu.

Anza na MTV Unplugged in New York ya Nirvana. Ilirekodiwa 18 Novemba 1993, ikatoka Novemba 1994, miezi saba baada ya mwimbaji wao, Kurt Cobain, kufariki. Nyimbo 14, hakuna ndefu ya kukuchosha. Ilipigwa kwa mkupuo mmoja, hakuna wimbo uliorudiwa, na sita kati ya hizo si zao. Walikataa kuutegemea ule wimbo wao mkubwa uliokuwa ukichezwa kila kona ya dunia. Mwisho Cobain aliimba wimbo wa zamani aliojifunza kwa rekodi za mwimbaji Lead Belly, na watayarishaji walipotaka aongeze mwingine akakataa.

Visikizio vyako vitatosha, kwa sababu vyombo ni vichache na haviparamiani. Mara ya kwanza sikiliza sauti tu. Mara ya pili achana na Cobain kabisa, mfuate Dave Grohl kwenye ngoma. Yule ni mpiga ngoma mwenye mkono mzito kuliko karibu wote wa kizazi chake, na jioni ile alipewa brashi na vijiti vyepesi, akakaa nyuma ya watu waliokuwa wakipiga kwa upole. Sikiliza anavyojizuia kwenye All Apologies, na pale Pennyroyal Tea inapofika na anaweka vijiti chini, Cobain anabaki na gitaa peke yake.

Ukimaliza hapo nenda Strange Kind of Woman ya Made in Japan, wimbo huo mmoja tu kwanza, ili usimalize bando. Sikiliza gitaa na sauti vinavyojibizana, kisha uje hapa utuambie nani alishinda. Fundi Mitambo na mimi tumebishana juu ya hilo na hatujaafikiana.